Panya buku wa APOPO kwenye ardhi yenye mabomu: wanafaa wapi, hawafai wapi

Huduma hii inaanzia Morogoro. Tangu mwaka 2000 shirika la APOPO, lililoasisiwa na Mbelgiji Bart Weetjens, limekuwa likifundisha panya buku pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kisha kuwapeleka nchi ambako vita vimekwisha na mabomu yamebaki: Msumbiji, Angola, Kambodia. Kazi yao ni moja, kunusa TNT, yaani kilipuzi kilicho ndani ya mabomu, na kuonyesha mahali ilipo ardhini. Hawategui wala hawachimbui. Tangazo linalosema "panya anategua mabomu" linawapotosha wanakijiji wanaosubiri kurudi mashambani.

Thamani yao utaiona ukijua kwanza shida ya mashine ya kutambua chuma. Kwenye K5, ukanda uliotegwa mabomu mpakani mwa Kambodia na Thailand, udongo umejaa vipande vya makombora, maganda ya risasi, misumari na mikebe, na mashine hulia kwa kila kimoja. Ukiipunguza makali unajiweka hatarini, kwa sababu bomu kama Type 72 la Kichina ni la plastiki na lina chuma kidogo mno. Basi kila mlio lazima ufukuliwe kwa mkono, kwa kupenyeza kijiti cha chuma kwa mshazari ili kiguse ubavu wa bomu, maana kibonyezo kiko juu. Siku nzima inaweza kuishia kwenye misumari. Panya hana habari na chuma. Anamaliza eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi kwa takribani nusu saa, kazi ambayo mtu mwenye mashine anaweza kuifanya hadi siku 4.

Je, anakosea? Mwaka 2009, jimbo la Gaza nchini Msumbiji, panya walikagua mita za mraba 93,400 na kupata mabomu 41 ya kutegwa ardhini pamoja na vilipuzi vingine 54. Watu waliopita nyuma yao na mashine hawakukuta bomu jingine la kutegwa. Ishara za uongo zilikuwa wastani wa 0.33 kwa kila mita za mraba 100, chini ya kiwango kinachoruhusiwa kimataifa kwa wanyama wa kazi hii. Matokeo ya namna hiyo hayapatikani kwa bahati. Msumbiji yenyewe ilitangazwa kuwa huru na mabomu ya ardhini Septemba 2015.

Mafunzo huchukua takribani miezi 9 hadi mwaka, kwa gharama inayokaribia euro 6,000 kwa panya mmoja. Kinda huzoeshwa watu tangu wiki za mwanzo. Kisha hujifunza kwamba mlio wa "tik" maana yake chakula kinakuja, ndizi au karanga. Baadaye huwekewa matundu yenye sampuli, na akishikilia pua kwa sekunde kadhaa juu ya lenye TNT, hulipwa. Anahamia kwenye mchanga, ambako TNT imefichwa ndani ya vichujio vya chai vya chuma, halafu kwenye uwanja wenye mabomu halisi yaliyoondolewa viwashio. Mwisho ni mtihani wa siri, ambao mwongozaji naye hajui yalipofukiwa. Panya anayeliruka bomu hata moja hapewi kibali, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa.

Uwanjani nyasi hufyekwa kwanza, na njia salama husafishwa kandokando ya kila kipande. Waongozaji wawili husimama kwenye njia hizo, kila mmoja upande wake, kamba ikiwa imenyooshwa katikati. Panya, akiwa amevaa mkanda wa mwili uliofungwa kwenye kamba hiyo, huvuka kwenda na kurudi, na kila akivuka kamba husogezwa kama nusu mita. Akinusa TNT hukwaruza udongo, na nukta huandikwa kwenye karatasi ya miraba. Ana uzito wa kilo 1 hadi 1.5, wakati mabomu mengi ya kuua watu huhitaji kilo 5 au zaidi ili yalipuke, kwa hiyo hupita juu yake salama. Baadaye ndipo mteguaji anakwenda kwenye nukta zile tu, akiwa na mashine na vifaa vyake.

Hitilafu kubwa ya huduma hii haionekani kwa macho. Kwenye uwanja wa kweli mwongozaji hawezi kumlipa panya anapokwaruza, kwa sababu hajui kama amepatia au amekosea. Panya anayefanya kazi siku nyingi bila malipo hupunguza bidii, na mwongozaji mchovu anaweza asigundue. Dawa yake ni mazoezi ya mara kwa mara kwenye uwanja wenye shabaha zinazojulikana, akilipwa kila anapopatia. Timu inayoruka mazoezi ili kuongeza mita za mraba inacheza na maisha ya watu.

Jua nalo ni adui. Huyu ni mnyama wa usiku, kwa hiyo hufanya kazi alfajiri na mapema, na masikio na mkia hupakwa mafuta ya kukinga jua. Vichaka vizito humshinda. Bomu la ndege lililozama mita kadhaa ardhini si kazi yake. Hilo linahitaji magnetomita, kifaa cha kupima usumaku. Na pale ambapo mabomu madogo ya mtawanyiko yametapakaa, kama mashariki mwa Laos, mashine ya chuma inatosha vizuri, kwa kuwa mabomu hayo yana chuma tele.

Ukilinganisha na mbwa, panya ni mwepesi, hula kidogo, na hamng'ang'anii mwongozaji mmoja. Wengi wanamjua panya Magawa, aliyepewa mwaka 2020 medali ya dhahabu ya PDSA, shirika la Uingereza la kuhudumia wanyama. Lakini Ronin, aliyezaliwa Tanzania, amempita: tangu 2021 hadi mwanzoni mwa 2025 alipata mabomu 109 ya kutegwa na vilipuzi vingine 15 mkoani Preah Vihear, Kambodia.

Kwa ardhi yenye vyuma chakavu vingi na mabomu machache, hatujaona huduma inayoizidi hii kwa kasi. Taasisi inayotaka kuilipia idai mambo matatu kabla ya kusaini: cheti cha mtihani wa siri kilichotolewa katika nchi ile ile itakakofanyika kazi, daftari la mazoezi ya kila panya, na utaratibu wa kukagua upya sehemu ya ardhi kwa mashine kabla wakulima hawajakabidhiwa.