Masta ya wenye startapu: wanataka barua ya mwajiri na mwajiri ni mie

Naandika haya nikiwa bado na hasira na sitaki zipoe kabla sijamaliza. Mie nasoma masta, ile ya watu wenye startapu, kwa chuo kimoja hapa Mombasa, jina nitaliacha. Juzi juzi nimeenda ofisi ya usajili kuhusu semista mpya, foleni mpaka nje, joto la kufa mtu, kufika dirishani dada wa pale yuwaniambia faili langu lina kasoro, halina barua ya mwajiri.

Nkamwambia dadangu, mie sina mwajiri, nina biashara yangu mwenyewe. Akanijibu hata uso hajainua, "Basi andika huna kazi."

Huna kazi! Mie ambaye huamka saa tisa za usiku niwahi diko, pale wavuvi wanaposhusha samaki, kabla matajiri, wale madalali, hawajabeba samaki wote, nina vijana watatu wa boda nawalipa kila Jumamosi iwe nimeuza iwe sikuuza, leseni ya kaunti nalipa, halafu niandike kwa mkono wangu kwamba sina kazi. Nkarudi nyumbani nikaandika barua, karatasi ina jina la biashara, muhuri, sahihi yangu, kesho yake nikampelekea. Akaisoma, akairudisha chini ya kioo. "Huwezi kujiandikia mwenyewe, iandikwe na mkubwa wako." Nkamuuliza mkubwa wangu ni nani? Akaita anayefuata.

Yaani hii kozi kwenye tangazo lao wameandika ni ya waanzilishi wa biashara. Waanzilishi! Sasa wanategemea mwanzilishi awe na bosi gani? Nimelala na hilo neno siku tatu. Si yule dada peke yake, ile fomu kuna mtu alikaa chini akaitunga, kuna wakubwa waliipitisha, na hakuna hata mmoja wao aliyefikiria kwamba atakuja mtu ambaye kazi ameianzisha yeye.

Na ukishaliona hilo unaanza kuliona kila mahali. Biashara yangu ni samaki, watu wanaagiza kwa simu, wanalipa na M-Pesa, samaki anafika nyumbani amesafishwa tayari kwa sufuria. Darasani tukaambiwa tuchore mapato ya mwaka, mie nikachora yangu yanapanda yanashuka. Mwalimu akauliza mbona yashuka katikati? Nkamwambia ni kusi, kuanzia mwezi wa nne hivi mpaka wa tisa bahari huchafuka, mitumbwi na ngalawa haziwezi kutoka nje ya mwamba, samaki hupungua na bei hupanda, kila mwaka iko hivyo, kaskazi ikirudi mambo hurudi. Akaniambia mwekezaji hapendi mstari unaoshuka, nirekebishe. Nirekebishe kusi? Nikakaa chini, sikujibu, manake ningejibu vibaya.

Thesis nayo. Nilitaka kuandika juu ya matajiri wa samaki, manake mie mwenyewe nilianza na ile fikra ya kuondoa dalali katikati, na ilinikula pesa nyingi sana kabla sijaelewa. Tajiri ndiye anayemkopesha mvuvi nyavu na mashine, mtoto akiugua saa nane za usiku ni yeye anayepigiwa simu, na mvuvi hulipa kwa kumuuzia yeye peke yake kwa bei ya chini. Ukija wewe na programu yako ukamwondoa tajiri umemwondolea mvuvi benki yake, ndo maana wale walionikubalia mwanzo waliniacha mmoja mmoja. Hili ni jambo kubwa, mtu akiliandika vizuri litamsaidia kila anayetaka kuanzisha kitu pwani hii. Supavaiza akasema mada haina maandiko ya kutosha, nichukue mitandao ya kijamii na biashara ndogo, mada ambayo darasani kwetu washaichukua watu wanne. Basi nikaanza proposo, chapta ya kwanza mpaka ya tatu, rudisha, sahihisha, rudisha tena, halafu kibali cha utafiti cha NACOSTI, ile tume ya serikali ya sayansi, na jioni zote hizo simu ya oda iko kwa ndugu yangu ambaye hajui kutofautisha samaki changu na tafi. Nyali nimepoteza wateja waliokuwa nami tangu siku ya kwanza.

Kwa hivyo nilipokaa kuandika nilikuwa nishaamua, nyota moja, msiende.

Lakini kuna yule mama wa hesabu na siwezi kumdhulumu. Wiki ya pili tu alituambia kila mtu alete oda zake kumi za mwisho, akae aandike kila shilingi iliyotoka, si iliyoingia, iliyotoka. Mie kupeleka Likoni nilikuwa natoza 150. Nikaandika boda, malipo ya pikipiki kwenye feri, barafu, mfuko, makato, na yeye akaniuliza kijana akikaa foleni ya feri saa nzima hizo oda nyengine nani anapeleka? Ikafika 200 na zaidi. Yaani kila oda ya Likoni mie ndo nilikuwa namlipa mteja anunue, na nilikuwa nikifurahi Likoni imepanda, namwambia hadi mamangu. Miaka karibu miwili! Nililia siku ile, ndani ya darasa. Sai Likoni ni siku mbili kwa wiki, kijana avuka kwa miguu na kasha lake, mtu wa miguu halipi feri, ng'ambo kuna boda mwengine anamngoja. Bila yule mama hii biashara ingekuwa ishakufa na nisingejua imekufa na nini.

Sasa niseme nini? Nyota tatu labda, mbili na nusu ni zake.

Nasema haya yote kwa sababu mtoto wa ami yangu yuko Kisauni ana tuktuk moja na anataka kuiuza alipe ada ya hii kozi. Watu wanamwambia Zuckerberg wa Facebook aliacha Harvard, wengine wanamwambia mbona Larry Page na Sergey Brin walikuwa Stanford wanasoma PhD ndo wakatoa Google mwaka 1998, na hakuna hata moja ya hizo itakayomsaidia, manake si Harvard anakokwenda wala si Stanford. Ajiulize biashara yake yaweza kukaa bila yeye jioni nne kwa wiki, miaka miwili, na huenda ikazidi. Kama anataka kufundisha chuo au kuajiriwa na shirika, sawa, karatasi itamfaa, aende. Lakini anachotaka yeye ni kuongeza tuktuk ya pili, na kwa hilo kuuza ya kwanza mie sikubali, walahi sikubali, nimemwambia kwa simu na nakariri hapa.

Mie nitamaliza, nimeshalipa nyingi mno. Barua nyengine siandiki. Nimewapelekea leseni ya kaunti na cheti cha usajili wa biashara, vyote vina jina langu, yule dada amesema wataangalia. Ile fomu yao pale kwenye mwajiri nimeandika jina langu kamili, kwa herufi kubwa.

Na wewe wa Kisauni, njoo Jumamosi baada ya alasiri. Daftari la hesabu ninalo lote, kurasa zote. Njoo na risiti zako za mafuta za mwezi uliopita, usiniletee za kukumbuka kichwani, tutaanza na hizo.