Uzoefu wangu: gundi nyeupe ya mbao kwa kolaji za karatasi za nyumbani

Kwa kolaji (picha ya vipande vya karatasi vilivyobandikwa) ya tafakari, ile ya kuandika ya moyoni, kuyafunika kwa karatasi kisha kuyafichua kidogo kidogo, gundi ninayoiamini ni hii nyeupe ya maji wanayotumia maseremala. Nanunua kopo la kilo moja. Uji wa ngano nao unashika, tena ni rahisi, lakini kwenye unyevu wa pwani unaota ukungu, na mende wanaula pamoja na karatasi yenyewe.

Naitumia bila maji kwenye boksi tu. Kwa gazeti na mifuko ya karatasi ya unga nachanganya vijiko 3 vya gundi kwa 1 cha maji. Kwa tishu ni nusu kwa nusu, maana gundi nzito huivuta tishu ikang'ang'ania brashi na kuchanika. Kitako cha kubandikia kazi ni vipande viwili vya boksi vilivyogandishwa, sentimita 30 kwa 40, mifereji ya kimoja ikikatiza ya mwenzake. Paka gundi pande zote mbili. Ukipaka upande mmoja, ikikauka inavuta, boksi linapinda.

Mikunjo husababishwa na haraka. Karatasi ikilowa hutanuka. Ukiibandika kavu inatanukia palepale ilipokwisha kushikwa. Paka mgongo wake, subiri kama dakika 1 ilegee, ndipo uilaze na kusukuma hewa kutoka katikati kwenda kingoni kwa kadi ya benki iliyokwisha muda.

Maneno ya chini yaandike kwa penseli au kalamu ya kawaida ya bik. Wino wa jeli na wa printa ya inkjeti huchuruzika. Juu yake weka ngozi moja tu ya tishu (huwa na mbili, zitenganishe). Ikikauka inapitisha mwanga, na maandishi yanaonekana kama yako chini ya maji ya kina kifupi. Hapo ndipo gundi hii inapoishinda nyingine yoyote niliyojaribu.

Kisha bandika ukanda wa gazeti juu ya tishu, nao una wakati wake wa kuchunwa. Baada ya dakika 5 hadi 10 weupe wa gundi unaanza kupotea lakini bado inanata kidoleni. Shika ncha, vuta taratibu, mkono ukiwa chini karibu na karatasi: ngozi ya juu inaondoka na herufi zake, zinabaki nyuzi za kijivu na neno moja moja la chini likichungulia. Ukiwahi, ukanda mzima unatoka na tishu. Ukichelewa hautoki kabisa, tumia msasa namba 220.

Risiti za luku (za umeme) na za mashine za EFD (za kodi, zile za madukani), ambazo wengi tunazipenda kwa sababu zina tarehe za maisha yetu, usizibandike zenyewe. Hazina wino, ni kemikali inayogeuka nyeusi kwa joto, na maandishi yake hufifia. Zitoe fotokopi kwenye karatasi ya kawaida, na wino wa fotokopi hauchuruziki.

Ukitaka mng'ao, tumia boksi la maziwa ya muda mrefu. Ndani lina karatasi ya alumini iliyofunikwa plastiki, na gundi hii haishiki plastiki kwa kuwa ni laini na hainyonyi, gundi haina pa kupenya. Loweka boksi, bandua karatasi ya nje, lakini acha utando mwembamba wake mgongoni mwa alumini. Paka gundi kwenye utando huo.

Kasoro yake kubwa ni kwamba hata ikikauka hairudishi maji nyuma: ikilowa inarudi kuwa nyeupe na laini. Kazi mbili zikilazwa uso kwa uso wakati wa joto zinashikana, ukizitenganisha zinachanika. Tenganisha kwa karatasi ya kuokea mikate. Karatasi hiyohiyo ifunike juu ya mkunjo uliokwisha kukauka, upitishe pasi ya moto mdogo kwa sekunde chache. Gundi inalainika, mkunjo unalala. Bonyeza kwa kitabu kizito mpaka ipoe.