Chupa ya shubiri na mwarobaini kwa kuku wangu: mafua sawa, kideri hapana

Nafuga kuku wa kienyeji na machotara wachache, na dawa hii ya maji nimekuwa nikiwapa tangu kiangazi kianze. Jina lake nalihifadhi. Ni chupa ya nusu lita, rangi kama chai ya rangi iliyokolea, na ndani kuna shubiri, mwarobaini na pilipili kichaa. Lebo inadai inatibu kideri (ugonjwa wa virusi unaoua kuku kwa wingi), ndui, gumboro (ugonjwa mwingine wa virusi), mafua na homa ya matumbo. Muuza duka akaongeza lake: "Hii inaua virusi, ndugu yangu."

Kuku wenye mafua, wale wa macho yenye povu na kamasi puani, walichangamka na kurudi kula. Siyo maajabu kabisa. Ute wa shubiri una aina ya wanga iitwayo asemanani, inayoamsha chembe za kinga, na nchini Marekani asemanani ilishaidhinishwa kwa mbwa na paka wenye aina fulani ya saratani. Ila mafua mengine hupona yenyewe, hilo kila mfugaji analijua.

Kideri kilipoingia mtaani, jirani yangu aliyekuwa akiwanywesha kuku wake dawa hii hii, bila chanjo, alianza kuona kinyesi cha kijani, mabawa yanaburuza chini, shingo zimepinda kichwa kinatazama mgongo. Alifukia karibu banda zima. Wangu walishapata Temevac, chanjo inayotengenezwa Kibaha, tone moja jichoni, wakaepuka balaa. Mmea kudhoofisha virusi kwenye kichupa cha maabara sawa, lakini kuku akishashikwa na kideri hana tiba, ya kiwandani wala ya miti.

Kingine ambacho lebo haisemi: kama unachanja kwa maji, mfano La Sota, chanjo nyingine ya kideri, usiwape dawa hii siku hiyo. Chanjo yenyewe ni virusi hai vinavyoweza kudhoofishwa na dawa, na maji machungu kuku huyadonoa tu na kuyaacha, kwa hiyo hawapati dozi kamili.

Nyota 2 kati ya 5. Kwa shilingi 9,000 sirudii. Mshubiri ninao nyuma ya nyumba: nakata jani, nalisimamisha ule utomvu wa njano uchuruzike kwanza maana unaharisha, kisha natia ute kwenye maji ya kunywa wakiwa na mafua. Chanjo ya kideri narudia kila baada ya miezi 3.