Faiba ya nyumbani Tanga: siku 34 za kuchelewa, fidia niliyodai na niliyopata

Huduma yenyewe, ikishawaka, ni nzuri. Kifurushi cha 20 Mbps kinatoa 19 mpaka 20 kwa waya, na hata saa 2 usiku hakiyumbi. Tatizo ni ufungaji. Nililipa 3 Februari 2025 kwa ahadi ya siku 7 za kazi, kwa hiyo mwisho ulikuwa tarehe 12. Mtandao umewaka 18 Machi. Naandika kwa ajili ya mtu wa Ngamiani, Makorora, Chumbageni au Kange ambaye ameshalipa na bado anaangalia nguzo tupu. Fidia inapatikana, lakini haipatikani kwa kupiga simu na kugomba. Inapatikana kwa tarehe zilizoandikwa.

Uingereza mambo haya yana utaratibu wake. Tangu 1 Aprili 2019, chini ya msimamizi wao Ofcom, kampuni zilizojiunga na mpango wa fidia humlipa mteja bila yeye kuomba. Mpango ulipoanza, viwango vilikuwa pauni 5 kwa kila siku ambayo huduma mpya imechelewa na pauni 25 kwa fundi asiyetokea. Hapa kwetu dai unaliandika mwenyewe, hesabu unaifanya mwenyewe na ushahidi unautafuta mwenyewe. Kwa hiyo kazi inaanza siku ya kulipa, kabla hujajua kama watachelewa.

Wakala wa mauzo atakuambia "ndani ya wiki tu". Maneno hayo hayana uzito wowote baadaye. Kabla ya kutoa hela, mwombe akutumie ujumbe wenye tarehe ya mwisho ya kufungiwa, na aandike kama ni siku za kazi au siku za kawaida. Siku 7 za kazi zinaweza kukupeleka mpaka siku 11 ukiwekewa wikiendi mbili katikati. Lipa kwa namba ya malipo ya kampuni, kamwe usitume kwenye namba ya simu ya fundi au wakala, kisha dai risiti ya EFD. Bila risiti hiyo hata kurudishiwa hela yako mwenyewe kunakuwa mzozo. Mpangaji achukue pia ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi, kwa sababu "mwenye nyumba amekataa kutoboa" ni sababu inayohamishia ucheleweshaji wote kwako.

Sasa kwa nini wanachelewa. Kwenye nguzo kuna kisanduku, na ndani yake kigawanyaji cha mwanga ambacho mara nyingi kina poti 8. Kila nyumba inachukua poti moja. Mfumo wa mauzo unaonyesha tu kwamba mtaa una faiba, hauonyeshi kama kisanduku cha karibu kimejaa. Fundi aliyekuja 21 Februari alipanda, akafungua, akashuka na jibu moja: "Dada, hapa pamejaa, hakuna poti hata moja." Ilibidi waya uvutwe kutoka kisanduku kinachofuata, mita 140, na roli aliyokuja nayo haikutosha. Huo ni uzembe wa upimaji, wala si bahati mbaya, kwa sababu ukaguzi wa dakika 15 kabla ya kupokea malipo ungeliona. Ukiwa bado hujalipa, mwambie wakala akuletee namba ya kisanduku na idadi ya poti zilizo wazi. Akishindwa, subiri kwanza.

Sababu nyingine utakayoisikia ni kibali: nguzo ni za TANESCO, au barabara ya kukata iko chini ya TARURA au TANROADS. Mara nyingi ni kweli. Lakini kampuni inajua njia ya waya wake kabla ya kuuza, hivyo kibali kisikunyamazishe. Mvua kubwa ni jambo tofauti. Fundi hapandi nguzo kwenye radi, na siku hizo mimi sikuzihesabu wala nisingezidai.

Jambo lililoniumiza kuliko yote, na linalowapotezea watu wengi haki yao, ni tiketi, yaani kumbukumbu ya kazi yako kwenye mfumo wao, kufungwa kwa maneno "mteja hakupatikana". Mafundi wengi ni wa mkandarasi na hulipwa kwa kazi. Siku ikiwa na kazi nyingi kuliko uwezo wao, ile isiyofikiwa hufungwa kwa maneno hayo ili isionekane kama kosa lao. Tiketi ikifungwa hivyo, mfumo unakufungulia nyingine na siku zinaanza kuhesabiwa upya. Kwa karatasi zao, ukicheleweshwa mwezi mzima unaonekana umecheleweshwa siku tatu. Nilipangiwa 11 Februari, saa 8 mchana mpaka saa 11 jioni, na hakuna aliyekuja. Kilichonisaidia ni ujumbe niliotuma saa 11:05 kwa barua pepe na WhatsApp ya huduma kwa wateja:

"Tiketi namba (…). Leo 11 Februari nimekuwa nyumbani saa 8 hadi saa 11 jioni kama mlivyopanga. Fundi hajafika na hakuna simu iliyoingia. Picha ya orodha ya simu nimeambatanisha. Naomba tiketi isifungwe kwa sababu ya mteja kutopatikana, na tarehe ya ahadi ibaki 12 Februari."

Tuma siku hiyohiyo. Ukituma kesho yake ni neno lako dhidi ya neno la fundi. Na kila ukipiga simu, uliza namba ya tiketi na jina la kwanza la anayeongea, uandike na saa.

Hesabu ya dai sasa, ambapo wengi hukosea kwa kudai kila kitu mara mbili. Nililipa 118,000 za kuunganishwa (100,000 na VAT ya asilimia 18) na 70,800 za mwezi wa kwanza. Mwezi ukigawanywa kwa 30, siku moja ni 2,360. Kutoka 12 Februari mpaka 18 Machi ni siku 34, sawa na 80,240. Katika siku hizo nilinunua bando za simu 6 za 15,000, jumla 90,000. Usidai 90,000 na 80,240 pamoja. Faiba ingefungwa kwa wakati, ungeilipia zile 80,240, hivyo hasara yako halisi ya bando ni tofauti yake: 9,760. Dai likiwa safi namna hii, meneja hana mahali pa kulishika.

Kisheria unaegemea kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Kinakupa fidia ya hasara iliyotokana moja kwa moja na mkataba kuvunjwa, au ambayo pande zote mlijua tangu mwanzo kwamba ingetokea. Hasara ya mbali hailipwi. Ndiyo maana anayefanyia kazi nyumbani au mwenye steshenari aandike kwenye fomu ya maombi: "Mtandao huu ni wa kazi, nahitaji kabla ya tarehe fulani." Usipoandika, mapato uliyokosa ni vigumu kuyadai.

Barua yangu ilikuwa ukurasa mmoja: "Ndugu Meneja, YAH: MADAI YA FIDIA KWA KUCHELEWESHWA KUUNGANISHWA", kisha tarehe ya malipo, tarehe ya ahadi, ziara mbili zilizoshindikana, tarehe ya kuwaka, na mambo matatu niliyotaka: mwezi wangu uhesabiwe kuanzia siku mtandao ulipowaka, nirudishiwe nusu ya ada ya kuunganishwa (59,000), na nilipwe 9,760 za bando. Niliwapa siku 14 kujibu. Nakala moja nilipeleka kwa mkono ofisini kwao mjini ikagongwa mhuri wa kupokelewa. Mhuri huo ulifanya kazi kuliko simu zote 9 nilizopiga.

Jibu lilikuja siku ya 11. Tarehe ya kuanza mwezi ilisogezwa, 59,000 wakaniwekea kama salio kwenye akaunti, na bando wakakataa. Nilikubali. Uliza kama salio lina mwisho wa matumizi. Langu lilipewa siku 90, kwa hiyo likaingia kwenye ankara iliyofuata. Mteja anayeamua kusitisha mkataba asikubali salio hata kidogo. Hakuna huduma, hivyo arudishiwe hela yote kwa njia aliyolipia.

Wasipojibu, ngazi inayofuata ni TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, lakini lazima uonyeshe kwamba ulianza na kampuni yenyewe. Peleka barua yenye mhuri, namba za tiketi, risiti na ujumbe. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, TCRA-CCC, linalomsemea mtumiaji na kumwelekeza pa kupeleka lalamiko lake.

La mwisho ni fomu ya makabidhiano. Fundi atataka usaini akishafunga kifaa ukutani, hata kama "mfumo utawasha kesho". Usisaini, kwa sababu tarehe ya saini ndiyo inayosimamisha siku zako za kudai. Kwenye kifaa, taa ya PON (inayoonyesha kimeunganika na mtandao) iwe ya kijani bila kupepesa, taa nyekundu ya LOS (inayowaka mwanga ukikatika) iwe imezimika, na mwambie akuonyeshe nguvu ya mwanga kwenye kipimo chake. Kwangu ilisoma -22.4 dBm. Ikikaribia -27 mwanga ni dhaifu na uko ukingoni, na waya uliokunjwa kwa nguvu kwenye kona ya dirisha unatosha kuizima. Pima kasi kwa waya mbele yake, andika saa na tarehe kwa mkono wako mwenyewe pembeni ya saini, upige picha fomu kabla hajaikunja. Pamoja na jibu lile la barua, ankara yangu ya kwanza ilitoka na tarehe ya kuanza 3 Februari, siku ya malipo. Picha hiyo ndiyo iliyoirekebisha, kwa ujumbe mmoja.

Ninawapa nyota 3 kati ya 5: mbili zimepotea kwa upimaji na kwa ile tiketi iliyofungwa.