Nilimpa wembe ausome, akafuta maandishi

Huyu bwana wa hapa Uingereza anayejitangaza kuwa mtaalamu wa nyembe kongwe za kukunja, msimpe wembe wenu. Nilimlipa kwa kazi moja tu: aniambie wembe wangu ni wa lini na chuma chake ni cha aina gani. Sikumwomba ausafishe. Umerudi unang'aa kama kioo, na shina lake, pale penye chapa, ni jeupe tupu. Amelipitisha kwenye mashine ya polishi!

Shina ndilo linalosema wembe ni wa nani. Palikuwa na taji katikati ya V na R, chini yake jina la mtengenezaji lililoliwa nusu na kutu, kisha Sheffield, mji wa Uingereza uliosifika kwa visu na nyembe, kisha "Cast Steel", yaani chuma cha kuyeyushwa kwenye vyungu. Kwa mafuta, kitambaa na subira, jina lile lingesomeka. Sasa limekwenda. Nashukuru nilipiga picha kabla ya kuutuma.

Na cheti chake? "Mnamo 1790." Jamani! VR ni Malkia Victoria, aliyezaliwa 1819 na kutawala tangu 1837 hadi 1901. Nani wa 1790 angepiga chapa ya malkia ambaye hajazaliwa? Tena wembe wangu una mkia mrefu uliojikunja. Nyembe za wakati ule zilikuwa na kijimkia kifupi, au hazina kabisa. Nilipompigia simu akashikilia kwamba chuma cha kuyeyushwa kwenye vyungu ni cha Benjamin Huntsman, fundi wa Sheffield wa karne ya 18. Ni kweli Huntsman alikianzisha miaka ya 1740, lakini Sheffield iliendelea kukiyeyusha na kukipigia chapa hiyo kwa zaidi ya miaka mia moja. Maneno hayo peke yake hayatoi tarehe. Nilimweleza kwa adabu zote. Akanijibu, "Kama unajua hivyo, mbona umeniletea?" Akakata simu.

Hofu yangu nyingine ilikuwa joto la mashine, maana chuma cha namna hii kikipata moto kupita kiasi kinalegea na makali hayakai tena. Nikaunoa kwenye jiwe, nikaupitisha kwenye mkanda wa ngozi, nikanyoa. Kusema haki, umenyoa vizuri mno, ndevu zimeondoka bila kuvutwa. Hapo moyo ukalainika, nikafikiria kumpa nyota tatu, kwani pia aliufunga vizuri na kuurudisha haraka.

Lakini sifa hiyo ni yake au ni ya wale watu wa Sheffield walioyeyusha chuma mpaka takataka zikaelea juu na kaboni ikaenea sawasawa? Ni yao! Yeye kawafutia jina. Nyota moja. Ukilazimika kumpelekea, mwandikie kwa herufi kubwa: USIPIGE POLISHI. La, hata hivyo usimpelekee.