Waliandika "sahani", wakanipikia santuri yangu

Sitatuma tena hata kijiko kwa basi lile la Malindi kuja Lamu. Nauli, saa za kuondoka na bei ya mzigo vyote vimebandikwa pale kwenye kaunta yao, kila mwenye macho atasoma, mimi sivitaki. Nataka kusema habari ya santuri moja na karani mmoja, na nikimaliza mtajua kwa nini siku tatu nzima chakula hakikunipita kooni.

Mimi ni mzaliwa wa Malindi, nimeolewa Lamu, na huku Langoni nimezeekea. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mpishi wa Waitaliano kule Ngomeni, enzi zile wanarusha satelaiti kutoka kwenye majukwaa yao ya San Marco baharini. Mwaka 1970, siku ya Jamhuri, walirusha moja iliyoitwa Uhuru, na baba akarudi nyumbani anatembea kama aliyeirusha yeye. Lakini sisi watoto satelaiti tulikuwa hatuna habari nayo. Tulichongoja ni mkoba wake. Fundi mmoja wa Kitaliano alikuwa akimpa santuri ndogo alizochoka kuzisikiliza, zile za nyimbo mbili, mmoja huku na mmoja huku, na ya kwanza kabisa kuingia nyumbani kwetu ilikuwa "Azzurro" ya mwimbaji wao, Adriano Celentano.

Tuliiimba mtaa mzima. Hatukujua neno hata moja. Mama alikuna nazi kwa mdundo wake, na ndugu yangu mdogo alikuwa akiigiza ile sauti nzito ya Celentano mpaka anakohoa. Miaka mingi baadaye ndipo kijana mmoja wa ufukweni, wale wanaozungumza Kitaliano kuliko Waitaliano, alinieleza maana yake: ni mtu aliyebaki peke yake mjini wakati wa kiangazi, mchana hauishi, mbingu buluu tupu, na mpenzi wake amekwenda zake pwani. Nililia. Yule bwana analilia pwani, na sisi tulikuwa tumekaa mlangoni miguu imejaa mchanga, tunamwitikia.

Santuri ile ya baba ilipotea tulipohama nyumba. Sitaki hata kukumbuka ilivyopotea.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuokota santuri kuukuu. Sizitafuti za bei wala za kujionyesha, natafuta zilizopigwa kwetu. Ninazo za bendi za Les Wanyika na Simba Wanyika, zile ambazo wimbo ulikuwa mrefu ukakatwa katikati, nusu upande wa kwanza na nusu upande wa pili, na ilikuwa lazima mtu mmoja akae karibu na kinanda aigeuze haraka kabla wachezaji hawajapoa miguu. Kwetu kazi hiyo ilikuwa yangu. Ninayo "Helule Helule" ya mwimbaji wetu Daudi Kabaka, na ninayo ya wale vijana wa Uingereza, The Tremeloes, walioichukua mwaka 1968 wakaiimba kwa namna yao ikapanda chati kwao. Nimeziweka mfuko mmoja, ya mwenyewe mbele, ya wageni nyuma.

Sasa, majuzi, kaskazi imeshika na jua la Malindi linawaka kama unavyolijua, ndugu yangu akanipigia. "Dada, keti kwanza." Nikaketi. Kuna Mzungu mzee anafunga nyumba anarudi kwao, anauza kila kitu, na kwenye sanduku chini ya ngazi mna santuri ndogo, na mojawapo ni "Azzurro". Nikamwambia asome upande wa pili. Akasoma kwa shida: "Una carezza in un pugno." Ndiyo yenyewe! Nikamwambia chukua, usibishane bei. Akachukua kumi na mbili, shilingi mia tatu kila moja.

Ndugu yangu ni mtu wa makini, si kwa sababu ni ndugu yangu. Alizifunga moja moja kwa gazeti, akazipanga zimesimama ndani ya katoni kama vitabu vya chuoni, akajaza nguo kuukuu pembeni, akaandika juu kwa wino mweusi: SIMAMISHA, USILAZE, USIWEKE PENYE MOTO. Maana santuri si jiwe. Ukiilaza na kuitwisha mzigo inapinda, na ukiipa joto la nyuzi sitini hivi inalegea kama nta. Akaenda kaunta ya Malindi akamwambia karani, "Hizi ni sahani za santuri, tafadhali zikae mbele na dereva." Karani akaitikia ndiyo ndiyo, akaandika kwenye risiti.

Mnajua aliandika nini? "Sahani 12." Basi. Santuri hakuiandika.

Kwa hiyo kutoka Malindi, Garsen, Witu, mpaka Mokowe panapopandwa boti ya Lamu, kilomita mia mbili na ushee, mzigo wangu ulisafiri kama vyombo vya jikoni. Uliwekwa buti ya nyuma juu ya injini, ukalazwa, ukapandishiwa gunia la viazi. Haya sikuyabuni, nimeambiwa na aliyeyaona, nitafika kwake.

Nilipofungua katoni nyumbani, kumi na moja zilikuwa na afadhali. Mbili zimeyumba kidogo lakini zinalia. Ile ya chini kabisa, iliyogusana na bati la moto, ndiyo ilikuwa yenyewe. Ukingo wake umejikunja upande mmoja kama chapati iliyosahauliwa kikaangoni. Lebo ilikuwa nzima. Kwenye lebo kuna herufi mbili za kalamu ya buluu, za mtu aliyekuwa na santuri hii kabla yangu, mwandiko wa kitoto, na hata wino haukuchuja. Nikaiweka kinandani nikashusha sindano pole pole. Sindano ikapanda, ikashuka, ikapanda, kama mashua mkondoni, kisha ikaruka. Nikairudisha. Ikaruka. Santuri huanzia ukingoni, na ukingo ndio uliopikwa, kwa hiyo mwanzo wote umekwenda, ule mwanzo ambao mama alikuwa akiusikia anaacha kukuna nazi.

Nikavaa buibui nikaenda ofisini kwao hapa Lamu.

Kijana yuko nyuma ya kaunta na simu yake. Nikamsalimu, hakuitikia. Nikamwekea santuri mbele yake. Akaitazama kama niliyemletea samaki aliyeoza. "Mama, si plastiki tu hii? Nyimbo zote siku hizi ziko kwenye simu." Nikamwambia, "Mwanangu, nisikilize." Akachukua risiti, akaigonga kwa kidole. "Hapa pameandikwa sahani. Sahani imevunjika? Haikuvunjika. Basi mzigo umefika."

Wallahi, ningalikuwa na umri wake ningaliruka ile kaunta. Si fedha, haki ya Mungu si fedha. Shilingi mia tatu mimi natoa sadaka. Ni kuambiwa kitu changu hakikuvunjika nami nimekishika kimepinda mkononi mwangu! Asingesema hata pole? Pole yauzwa? Mzee mmoja aliyekuwa kwenye foleni ndiye aliyesema: "Pole, bi mkubwa." Mtu baki, anayesubiri mzigo wake mwenyewe.

Na sasa lazima niseme la haki, ijapokuwa linaniuma. Nilipotoka pale utingo wa basi lile alinikimbilia mpaka kwenye kona. Kijana mwembamba, jasho linamtoka. Akaniambia yeye ndiye aliyeliona katoni langu walipofika Mokowe, akasoma maandishi, akalitoa chini ya gunia, na kwenye boti akalipakata mwenyewe mpaka gatini, asimpe hamali. "Ningeliona Malindi, mama, lingekaa mbele na mimi." Akaniuliza wimbo gani. Nikamwambia. Akasema babu yake alikuwa akiuimba Ngomeni. Akauanza, kwa sauti ya chini, maneno yote makosa, yale yale makosa yetu.

Basi niseme nini? Nilianza kwa kusema sitatuma tena hata kijiko. Kwa huyu kijana ningetuma nyumba nzima. Lakini mzigo haupokelewi na utingo, unapokelewa na karani, na karani wa pande zote mbili ni wale wale. Mwenye basi akitaka nirudi, amfundishe mtu wake kuandika neno moja, santuri, na amfundishe wa Lamu kuitikia salamu. Mpaka hapo, sitaki. Kama ni nguo na viazi, haya, tumeni, vitafika. Viazi vinaheshimiwa.

Watu wananishauri niibane santuri katikati ya vioo viwili niianike juani inyooke. Naogopa. Jua lile lile! Kwa sasa nimeibana kati ya vitabu vizito kivulini, na kila jioni naipiga kuanzia pale sindano inaposhika, karibu na kiitikio, na ule mwanzo nauimba mwenyewe kwa mdomo mpaka santuri inanipokea.

Ndugu yangu amepata nyingine nne kwa yule Mzungu, moja ni ya Rita Pavone, mwimbaji mwingine wa Kitaliano. Nimemwambia asithubutu kukanyaga kaunta ile na mzigo. Aje nazo mwenyewe, kiti cha mbele, azipakate mapajani, na akimwona utingo mwembamba amnunulie soda, aseme imetoka Langoni.