Walinitoa Ukumbini Wakisema Nina Nuksi

Msiende kutazama mpira pale. Nasema hivyo nikijua kwamba huku kwetu Eastlands, Nairobi, sijaona ukumbi unaoonyesha mechi vizuri kuliko ule, na nikijua pia kwamba baadhi yenu mtaenda tu Jumamosi hii. Jina lake silitaji. Wa mtaa wetu wameshaujua: mabati pande zote, viti vya plastiki mbele, mabenchi nyuma, na meneja anayezunguka na rimoti mkononi kama askari na rungu lake.

Haki yao niwape kwanza. Dishi lao halichelewi. Aliyewahi kutazama mpira kwa simu anaujua uchungu huo: mtaa mzima umeshapiga yowe, wewe bado unaangalia kipa akiupanga mpira aupige mbele. Picha ya intaneti hubaki nyuma sekunde nyingi, na goli la majirani linakufikia kabla ya la kwako. Pale shida hiyo hakuna. Stima ikipotea, jenereta inawashwa kabla watu hawajamaliza kunung'unika. Kijana wa mlangoni ana adabu. Chai yao ina maziwa ya kweli. Kwa hayo nilikuwa mteja wao mwaminifu, na si kwa mechi za Uingereza pekee.

Nilikuwa pale Agosti 2025, CHAN, lile kombe la Afrika la wachezaji wanaocheza ligi za nchini mwao, ilipoletwa Kenya, Tanzania na Uganda. Timu yetu ya taifa, Harambee Stars, ilikuwa haijawahi kushiriki mashindano hayo, na kwenye kundi letu walikuwamo Kongo ya Kinshasa na Moroko, ambao kila mmoja alikuwa ameshalibeba kombe hilo mara mbili. Watu walituhesabu tumetoka kabla hatujaingia. Tukawafunga Kongo 1-0. Tukatoka sare 1-1 na Angola. Kisha wakaja Moroko pale uwanjani Kasarani. Ryan Ogam akafunga, Chrispine Erambo akaonyeshwa kadi nyekundu mapumziko yakikaribia, na kipindi chote cha pili vijana wakalilinda goli lile wakiwa kumi. Usiku huo niliwakumbatia watu nisiowajua hata majina. Zambia nao tukawafunga moja, tukamaliza tukiongoza kundi.

Mechi zote hizo nilizitazama kwenye kiti kilekile, safu ya pili, karibu na nguzo. Hakuna aliyesema nina nyota. Hakuna aliyeninunulia hata kikombe cha chai akisema, dada, usitoke hapo, unatuletea baraka. Ushindi ule wote ulikuwa wa Ogam na wa kocha McCarthy na wa dua za taifa. Shikeni hilo, maana ndilo linalonichoma mpaka leo.

Ikaja robo fainali na Madagaska. Kiingilio kikapandishwa kutoka shilingi 50 hadi 100, sikulalamika, nikalipa kwa simu na ujumbe wa malipo ninao bado. Nikawahi, nikapata kiti changu.

Kipindi cha pili kilipoanza tu, Alphonce Omija akatufungia. Mimi sikuwa ndani. Mama alikuwa amenipigia kutoka nyumbani, nikatoka nje nipate kumsikia, na goli lile likanifikia kupitia mabati. Nikarudi mbio, nikagongana mlangoni na kijana wa safu ya mbele aliyekuwa nje akivuta sigara. Tuliingia pamoja, tukiwa tumeshikana mabega, tunaruka. Mkumbuke kijana huyo pia.

Baadaye Madagaska wakapewa penalti, wakasawazisha.

Nyuma yangu sauti ikasema, "Si siste huyu ndiye amerudi tu saa hii?" Watu wakacheka, nami nikaona ni utani wa mpira. Lakini neno lile halikukaa pale lilipoanguka. Likaenda benchi hadi benchi, likarudi likiwa limenenepa. Akiwa nje tunafunga, akiwa ndani tunafungwa. Ana nuksi. Ana kisirani huyu. Mvuta sigara alikuwa amekaa hatua chache kutoka nilipokuwa, naye alikuwa ametoka na kurudi dakika zilezile. Yeye hakuambiwa kitu.

Mzee mmoja ambaye siku zote namsalimia kwa heshima akageuka akasema tusicheze na mambo hayo. Akatoa mfano wa Kodivaa: walibeba Kombe la Afrika 1992 mbele ya Ghana kwa penalti 11-10, waganga waliodai kuwasaidia wakasema hawakulipwa walichoahidiwa, na mwaka wa 2002 waziri wa serikali akaenda kwao na pesa na chupa ya pombe ya jini kuomba radhi. Ni kweli, waziri alikwenda. Kombe la pili likapatikana 2015, tena kwa penalti, tena mbele ya Ghana, na mzee akanitazama kana kwamba amefunga kesi.

Nikamjibu: mzee wangu, na Thomas Nkono je? Mwaka huohuo wa 2002, kule Bamako, kabla ya nusu fainali ya Kameruni na wenyeji Mali, polisi walimkamata uwanjani kwa madai kwamba ameweka hirizi nyasini. Alikuwa kocha msaidizi wa Kameruni, mtu aliyewahi kuwa miongoni mwa makipa bora kabisa wa bara hili. Kameruni wakashinda 3-0 hata hivyo, na kombe wakalibeba. Aliyeaibishwa alikuwa binadamu, na matokeo hayakubadilika. Mzee akanyamaza. Wengine hawakunyamaza.

Hapa ndipo nafika kwa meneja, kwa sababu mashabiki siwadai kitu. Shabiki ana joto, atasema lolote. Aliyechukua pesa yangu ni meneja.

Wachezaji walipokuwa wanakusanyika kwa ajili ya penalti, akaja akasimama mbele yangu.

"Madam, naomba utoke nje kidogo. Penalti zikiisha utarudi."

"Nimelipa."

"Najua umelipa. Ni kidogo tu. Watu wangu hawatulii."

"Na mimi ni wa nani?"

Hakunijibu. Aliinua rimoti, akazima skrini.

Nataka msomaji aelewe maana ya jambo hilo. Taifa zima limeshika roho mkononi, ukumbi umejaa hadi madirishani, na mtu anazima picha kisha anasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Akitoka nawasha." Hakunigusa. Hakunitukana hata. Alinifanya mimi kuwa sababu ya giza, akawaachia umati kazi iliyobaki. Toka! Toka! Kuna aliyevuta mgongo wa kiti changu nikiwa nimekikalia. Niliangalia huku na huku nikitafuta uso wa mwanamke mwingine na sikuuona. Nilitoka kwa sababu niliogopa. Skrini ikawaka kabla sijafika mlangoni.

Penalti nilizisikiliza nje, nimeegemea mabati, kijana wa mlangoni kando yangu. Aliniambia pole, na sauti yake ilikuwa na aibu ambayo bosi wake hakuwa nayo. Penalti inapigwa kutoka mita 11. Ni mpigaji, ni kipa anayetakiwa kubaki na angalau sehemu ya mguu mmoja kwenye mstari mpira unapopigwa, na refa ameshatupa sarafu kujua goli lipi litumike na nani atangulie. Mwenye kuitafuta bahati aitafute kwenye ile sarafu, Kasarani. Safu ya pili, karibu na nguzo, haimo.

Tukashindwa 4-3. Mimi nikiwa nje.

Nilidhani wangetoka wakiwa wameona. Walitoka wakaniona mimi. Mmoja akasema, hata si kwa hasira, kama anayefundisha mtoto: "Shida alisimama mlangoni. Angeenda mbali." Nikiwa ndani tukafungwa, ni mimi. Nikiwa nje tukafungwa, ni mimi. Shtaka la namna hiyo halina ushahidi unaoweza kukuokoa, na ndiyo maana naliogopa kuliko matusi.

Sidharau imani za mpira. Ndugu yangu akiona timu yake inashinda hafui jezi hadi ifungwe, na sote nyumbani tunavumilia harufu. Najua mtu asiyetazama penalti kabisa, hugeukia ukuta. Najua mwingine ambaye hula githeri ileile, kibanda kilekile, kila siku ya debi ya Gor na Leopards. Hayo ni yao, gharama wanaibeba wenyewe, na mimi nayapenda, mpira ungekuwa mkavu bila hayo. Lakini imani yako ikihitaji mtu mwingine ainuke kitini alichokilipia, hiyo imeshakuwa uonevu. Na angalieni huyo mtu huwa nani. Si yule jamaa wa misuli anayelala benchi zima. Si mnywaji anayejulikana kwa ngumi. Ni mwanamke aliyekuja peke yake. Nuksi ina macho ya kuchagua.

Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya huduma ya ubora unaofaa, na fidia akipata hasara. Nilimtajia meneja siku iliyofuata nilipokwenda kudai pesa yangu. Akatabasamu. Akaniambia biashara ni wateja wengi, na wengi walikuwa upande wake. Kisha akasema nimekaribishwa wakati wowote, "ila mechi kubwa kubwa ukae kwa mabenchi, nyuma." Nilikuwa nimekwenda nikiwa tayari kusamehe, kweli kabisa. Angesema pole tu, haya yote nisingeyaandika.

Basi tumesusia. Mimi na akina dada wa ploti yetu, na waume wa wawili kati yao, na taratibu vijana kadhaa ambao hawakupenda walichokiona. Tumehamia ng'ambo ya barabara kwa mama mmoja mwenye televisheni ndogo inayotumia intaneti. Nitasema ukweli, ni tabu. Kelele za ukumbi ule zinatufikia kabla ya picha yetu, kila goli tunalijua kabla ya kuliona. Wikendi fulani si mbali sana nilisimama barabarani nikiwa na shilingi 50 mkononi, mechi kubwa ya Uingereza inaanza, na miguu ilikuwa inanivuta kule. Mpira bila dishi lile si mpira kamili. Kama anayesoma haya hajali yaliyonipata na anataka picha safi tu, siwezi kumdanganya: picha safi iko pale.

Najua pia jinsi kususia kunavyokufa katika nchi hii. Novemba 2017 muungano wa upinzani wa NASA, wa Raila Odinga, uliwataka wafuasi wake waache bidhaa za Safaricom, Brookside na Bidco. Watu walianza kwa moto, wakamwaga maziwa, wakabadilisha laini za simu. Lakini laini mpya haikuwa na jamaa wote wa kutumiana nao pesa, na Raila na Rais Uhuru Kenyatta waliposalimiana kwa mkono Machi 2018 kwenye ngazi za Harambee House, aliyekuwa bado anajinyima alibaki peke yake na msimamo wake. Kususia kule kulitangazwa kutoka juu, kukaisha kutoka juu. Kususia kwetu hakuna mwanasiasa anayeweza kukuzima kwa salamu. Tena meneja hahitaji kupoteza wateja wote ili aumie. Ukumbi ule unaishi kwa Jumamosi na Jumapili. Viti kumi vikikaa wazi kila wikendi, mafuta ya jenereta atayatoa mfukoni mwake.

Nilipoanza kuandika nilikuwa na nia ya kumpa nyota tatu, kwa sababu ya dishi na chai. Nilipofika kwenye rimoti zikawa mbili. Sasa nimekumbuka lile tabasamu lake, na zile "mechi kubwa kubwa," na nimebaki na moja. Hiyo ni ya kijana wa mlangoni, si ya bosi wake.

Ninachotaka ni kidogo. Arudishe shilingi 100. Aseme pole mbele ya umati uleule, skrini ikiwa imezimwa, kama alivyoizima siku ile. Na kiti cha safu ya pili karibu na nguzo kiwe cha yeyote aliyewahi kufika na kulipa, hata kama ni siku ya fainali. Akifanya hivyo nitarudi wikendi hiyohiyo, na nyota nitaziongeza mwenyewe. Asipofanya, mama wa ng'ambo ameahidi kuvuta dishi mwezi ujao, na tumeshaanza kumchangia.